Mwaura Ajitetea Mwenyewe

Ndugu yangu Mwaura ni mjinga, na nasema hivyo nikiwa na akili timamu. Alimkata jirani yetu kwa panga hapa Mutuini, mchana kweupe, wakigombania mpaka wa shamba. Jirani akapoteza vidole viwili. Mwaura akafungwa miaka minne tu. Mtu mwenye haya angeshukuru, akanyamaza, akamaliza kifungo. Yeye akakata rufaa.

Mama naye alikuwa amemwekea nyumba ya kona, ile nzuri kati ya nyumba zetu za kupangisha. Kila aliyeiulizia aliambiwa ina mwenyewe.

Nilimtafutia wakili, rafiki yangu Cate mwenye ofisi Hurlingham, akakubali kumsaidia bure. Cate alisoma faili, akashauri rufaa iondolewe haraka, maana upande wa mashtaka ulikuwa umeomba kifungo kiongezwe. Mwaura akamfukuza. Huko gerezani alikuwa amepata mwalimu, mfungwa aitwaye Gichuru, bingwa wa sheria ambaye rufaa zake mwenyewe zilitupwa zote. Gichuru alimfundisha kwamba jaji akikuonya, ujue amekuogopa.

Siku ya rufaa kusikizwa nilikaa nyuma mahakamani. Wafungwa wawili waliomtangulia walionywa, wakaondoa rufaa zao, wakaketi. Hata yule aliyekuwa akisinzia alielewa. Kisha Mwaura akasimama, makaratasi kifuani kama mhubiri.

"Rufaa hii ikiendelea, mahakama inaweza kukuongezea kifungo," jaji alimwambia. "Unaweza kuiondoa sasa hivi. Umeelewa?"

Mwaura akageuka, akanitafuta kwa macho. Nilitikisa kichwa mpaka shingo ikauma. Akanitabasamia, lile tabasamu lake la kunionea huruma.

"Nimeelewa, Mheshimiwa. Tuendelee."

Akataja katiba. Akataja vifungu ambavyo nadhani Gichuru alivitunga. Halafu, kwa sauti ya mtu anayemaliza kazi, akasema, "Mheshimiwa, mtu akiwa na vidole kumi, viwili si vingi."

Jaji akaandika.

Uamuzi ulisomwa alasiri hiyo hiyo. Miaka kumi. Wakati askari wanamtoa, ndugu yangu hakulia wala hakushtuka. Alinipigia kelele kutoka mlangoni.

"Wahu, tunaenda korti ya juu! Niletee karatasi za fulskepu!"

Nilimchukia. Nilitoka mjini hadi Mutuini nikimtukana kimoyomoyo, yeye na mwalimu wake.

Mama alikuwa ananingoja langoni.

"Aliongea?"

"Aliongea, mum."

"Na jaji akamsikiza?"

"Alimsikiza mpaka mwisho."

Uso wake ukachangamka. Mwanawe amesikizwa na jaji, basi anarudi. Hakuniuliza kingine. Alichukua ufagio, akaelekea nyumba ya kona, akaanza kufagia kizingiti. Nilisimama nikamwangalia, na kwa mara ya kwanza tangu asubuhi sikuwa na tusi.

"Mum," nikasema, "hiyo nyumba, weka mpangaji."