Wageni wa Anyam

"Sogea kidogo, Neng," Odang alisema, akimwita kama Wasunda wanavyowaita mabinti, na kabla Imas hajainuka sawasawa, kibodi ilikuwa imeshahamia mapajani mwa Odang.

Binti yule alikuwa ameuliza swali moja tu: kwa nini maua ya saruni aliyoichora yanatokea kwenye skrini yakiwa yamelala ubavu. Odang akaandika mistari yake. Engkus, mwenzake wa miaka yote, akamsukuma kwa bega, akaifuta, akaandika iliyo mizuri zaidi. Odang naye hakukubali kushindwa mbele ya mgeni. Walipomaliza kugombania kibodi, maua yalikuwa yamesimama wima, yamepata majani, na pindo la dhahabu ambalo hakuna aliyeliomba.

"Umeona? Rahisi!" Engkus alisema huku akijifuta jasho kama mtu aliyetoka kuvuna mpunga.

"Nimeona, Mang," alijibu, kama vijana wanavyowaita wajomba. "Asanteni sana."

Imas alikula tofu ya kukaanga, akanywa chai, akaaga kwa adabu zote. Jumamosi iliyofuata hakuonekana.

Ndivyo walivyokuwa vijana wote. Anyam ilikuwa lugha ya kompyuta iliyozaliwa papo hapo Majalaya, mji wa wafumaji wa Java Magharibi, katikati ya vumbi la pamba, kwa kazi moja tu: kuziamuru mashine zinazofuma saruni. Odang na Engkus, mafundi mitambo, waliiunda enzi wana nywele kichwani, na karakana zote za ushirika wa wafumaji zikaipokea. Sasa walioweza kuiandika walikuwa wanazeeka kwa pamoja, kama mabasi yaliyonunuliwa siku moja. Vijana walikuja kwenye ukumbi wa ushirika, wakafundishwa, wakalishwa, wakayeyuka.

"Mimi sisemi Anyam mbaya," Haji Maskur, mwenyekiti wa ushirika, alimwambia Odang. "Nauliza tu: siku mkifa nyinyi wawili, mashine zangu nitazisomea Yasini? Kabla ya Ramadhani tunapiga kura. Kama hakuna kijana wa kuitengeneza Anyam ikiharibika, tunanunua mfumo wa nje na hii tunaizika."

"Vijana wa siku hizi wavivu, Haji."

"Wavivu wapo tangu Adamu. Niletee hata mmoja asiye mvivu."

Odang aliitafuta sababu kila mahali isipokuwa pale alipokaa yeye. Alisema vijana wanataka lugha zenye jina, za kuwapeleka Jakarta. Hilo lilikuwa kweli, lakini halikueleza kwa nini hata wale waliokuja kwa hamu hawakurudi. Akasema labda maelezo hayatoshi. Akaandika mengine, marefu, yasiyo na kasoro hata ya nukta. Hakuna aliyeyasoma.

Kokom, mkewe, ndiye aliyekaanga tofu za kila Jumamosi. "Unamlisha, unamfanyia kazi, unamsindikiza mpaka mlangoni," alisema. "Wewe unatafuta mrithi au unapokea wakwe?"

"Sasa mgeni anyanyaswe?"

"Sijasema anyanyaswe. Nimesema mafuta yangu yanaisha."

Jumapili moja mtaa mzima ulitoka kuzibua mtaro, mto usije ukaingia sebuleni kama kawaida yake mvua zikikolea. Togar, Mbatak kutoka Sumatra, alikuwa amepanga chumba karibu na msikiti tangu mwaka uliopita. Watu walikuwa wakimchekea, wakimpelekea vitumbua, wakimwambia karibu. Yeye alisema asante na kufunga mlango. Asubuhi ile alikuwa anakwenda kununua sigara.

"Wewe mrefu!" Kokom alimwita, tope limemfika magotini. "Unatupita kama nguzo za umeme? Shika huu mtaimbo."

Togar aliushika. Jua halijafika utosini, alikuwa ndani ya mtaro akimfokea Odang.

"Mang, unainua jiwe au unalibembeleza? Shika huku chini!"

"Mawe haya nimeyainua kabla hujazaliwa!"

"Ndiyo maana mgongo umekuwa ndoana!"

Mtaa ukaangua kicheko. Togar mwenyewe alicheka mpaka akashikilia ukuta. Kisha akaketi ukingoni na wenzake, wakala wali na pilipili kwenye jani moja la mgomba, akiuliza nyumba ile ya nani na yule kuku anayepiga kelele alfajiri ni wa nani, kwa sababu atamla.

Odang alibaki na tonge mkononi. Mtu huyu walimkaribisha mwaka mzima hakuingia. Leo ametukanwa, ametiwa tope, ameingia.

Akaliacha tonge, akanawa, akaenda moja kwa moja hadi kwenye kibanda cha kuuza simu alikofanya kazi Imas.

"Kwa nini hukurudi?"

"Kazi zilinibana, Mang."

"Usinipe maneno ya sebuleni. Niambie."

Imas alikizungusha kifuniko cha simu vidoleni. "Niliuliza swali dogo, mkanipa saruni nzima. Sikuelewa hata mstari mmoja. Ningewauliza tena, mngehangaika tena, watu wazima wawili mnatoka jasho kwa ajili yangu. Niliona aibu."

Odang alivuta kigoda. "Anyam ina ugonjwa," alisema. "Uzi ukikatika upande wa kushoto, mashine inasahau ilipofika, inaruka. Njoo uutibu. Mimi sitakusaidia."

"Nimekukosea nini, Mang?"

"Hujanikosea. Lete na wenzako."

Ilikuwa Jumamosi ya mwisho kabla ya kura. Imas alikuja na wenzake wawili wa kibandani. Haji Maskur naye alikuja, akavuta kiti karibu na mashine ya majaribio, akakunja mikono. Tofu hazikuwepo. Kokom alikuwa ametangaza kwamba anayetaka kula atakula baada ya kazi.

Odang aliujua ugonjwa ule na dawa yake pia. Alikalia viganja vyake. Aliwaona wale watoto wakichimba pasipo na kitu, akauma ulimi. Wakarudi nyuma, wakachimba kwingine. Engkus hakuvumilia, akainuka.

"Ni pale tu, jamani, pale chini ya…"

Odang alimkamata saruni kwa nyuma. "Kaa chini, au ubaki bila nguo mbele ya Haji."

Engkus akakaa.

Imas aliiwasha mashine. Ikanguruma, ikafuma, na maua yakatoka kichwa chini, yamebanana kama samaki kwenye kopo. Uzi mzuri ukaharibika wote. Haji Maskur alikohoa. Imas akakitazama kile kitambaa, uso ukamwiva, kisha akageuka.

"Nani kaandika upuuzi huu? Mistari inahesabiwa kuanzia mwisho!"

Hakuna kijana aliyewahi kusema hivyo mbele ya wazee.

"Mimi," Odang alisema.

"Kwa nini?"

Odang alikuwa ameandika kurasa nyingi kueleza jinsi ya kuhesabu kutoka mwisho. Kwa nini, hakuwahi kuulizwa. "Mashine ya kwanza ilikuwa imegeukia ukutani," alisema polepole. "Sisi tulikuwa tunasimama nyuma yake, mwisho ndio uliokuwa mbele yetu."

"Sasa iko wapi hiyo mashine?"

"Tuliiuza chuma chakavu."

Aliyeanza kucheka ni Haji. Kicheko kikawapitia wote, hadi Engkus akafuta machozi.

"Basi nageuza," Imas alisema. "Uzi unapotea kwa sababu hiyo hiyo. Nianzie mwanzo kama watu wengine."

Odang alimtazama kama mtu aonaye wageni wanahamisha kitanda alichozaliwa juu yake. Dawa aliyoijua yeye ilikuwa kiraka. Hii ilikuwa kubomoa ukuta.

"Geuza," alisema.

Waligeuza. Walibishana, wakapokonyana kibodi, mmoja akamwita mwenzake kichwa cha nazi. Jua lilipokuwa limeteremka hadi kwenye madirisha, Imas aliiwasha tena mashine, akaiacha ikolee, kisha akachukua mkasi akakata uzi wa kushoto. Mashine ikasimama. Akafunga fundo, akabonyeza. Ikaendelea pale pale ilipoishia, jani likaungana na jani, kovu halikuonekana.

Engkus alipiga kelele kama mtu aliyefungiwa bao. Kokom akaingia na sinia kichwani, akizomea, akicheka. Haji Maskur alipitisha kidole juu ya kile kitambaa, akakipitisha tena.

"Kura tutapiga," alisema, "lakini matokeo ninayo."

Na kweli, siku ya kura, mikono ya kuizika Anyam haikutosha hata kubeba jeneza.

Ramadhani ilipoingia, Odang alipita ukumbini alasiri moja. Hakuna aliyeinuka kumpokea. Walikuwa wamejazana sakafuni, nyuso nyingine hakuzijua, na Togar katikati yao akibisha kwa sauti.

"Mang, angalia kebo!" mmoja alisema bila kugeuka.

Odang aliiruka kebo, akaenda hadi kwenye mashine. Ilikuwa inafuma kitu kipya. Aliinama. Mstari wa bluu ulikuwa umeanza kupinda kutoka kona ya chini, huenda mto, huenda mgongo wa nyoka, huenda kitu ambacho Majalaya haijawahi kukivaa. Alisubiri. Kitambaa kilikuwa bado kinatoka.