Jina Juu ya Mtutu

Watu husema hasidi hana sababu. Muhiddin alikuwa nayo, na aliilea kama mwanawe.

Karakana ya Bwana Pettifer, pale Woolwich, ughaibuni, ilitengeneza bunduki za mtindo wa kizamani, zile za kupakia risasi moja tu, ukiipiga ndipo upakie nyingine. Mafundi walikuwa wawili. Kuldip Singh, Singasinga wa Nairobi, alitengeneza mitutu. Muhiddin, aliyekuwa mchonga milango Unguja kabla Mapinduzi hayajamtoa, alishika mbao: kitako cha kuegemeza begani na ubao wa mbele, ule unaobeba mtutu. Walizungumza Kiswahili kutwa, na Mzungu wao akidhani wanagombana.

Mwaka ule wa sabini na nne Bwana Pettifer alikuwa anastaafu. Akatangaza kwamba bunduki ya mwisho, aliyoiagiza daktari mmoja, itachorwa jina la fundi. La fundi mmoja.

"Na bunduki ni mtutu," alisema, akimpigapiga Kuldip begani.

Muhiddin akageukia mbao yake. Mtutu! Bomba la chuma! Nani aliyeisugua ile mbao kwa mafuta na kiganja kitupu, asubuhi na jioni, hadi ikang'aa kama halua? Wateja wakiingia, mkono wao ulianza kupapasa wapi? Tangu siku hiyo Kuldip akipiga mluzi kazini, Muhiddin aliona anachekwa yeye. Hata kilemba kipya cha mwenzake kilimuudhi.

Sasa, bunduki hizi zina siri yake. Ubao wa mbele hautakiwi kuubana mtutu. Karatasi lazima ipenye katikati. Ukiubana, mtutu ukishapata moto husukumwa pembeni, na risasi hupotea. Siku Kuldip alipokwenda hekaluni kwao, Muhiddin aliufungua ubao, akabandika ndani kibanzi chembamba kama ganda la kitunguu, akaufunga tena.

Wakaenda uwanja wa shabaha, nje ya mji, pamoja na yule daktari aliyeiagiza bunduki. Kuldip akalala kifudifudi akapiga. Risasi ya kwanza ilitua katikati kabisa. Ya pili ikaenda kushoto, ya tatu kushoto zaidi, zilizofuata hazikugusa hata karatasi. Daktari akakunja uso. Muhiddin akaona utamu. Naam, utamu, tusimtetee.

"Hebu tufungue huu ubao," alisema Bwana Pettifer, akatoa bisibisi.

Utamu ukageuka shubiri. Lakini Kuldip aliwahi kuweka kiganja juu ya ubao.

"Hapana, boss. Mbao hii imetoka kwa Muhiddin. Sisi mafundi hatufungui kazi ya mwenzetu mbele ya mteja. Ubaya ni wa mtutu wangu."

Waliporudi karakana, Kuldip alimwachia Muhiddin aufungue ubao wake mwenyewe. Muhiddin akaufungua, akakibandua kibanzi, akakifumbata. Kuldip akaubana mtutu kwenye jiliwa, akashika msumeno wa chuma. Mtutu mbovu hautoki mlangoni kwake, alisema, wala haubaki mzima. Kazi ya miezi ikaanza kukatika, na chembe za chuma zikawa zinamwagika sakafuni.

"Fundi," Muhiddin aliita.

Msumeno ukasimama. "Ee?"

Maneno yalimfika hadi kwenye meno. "Pole."

"Wewe pole ya nini? Nimekosea mimi." Akaendelea kukata.

Mtutu mpya ulipokuwa tayari, risasi zote zilikaa pamoja, na daktari akafurahi. Bwana Pettifer akamwita mchoraji wa chuma, akaja na patasi zake ndogondogo. Kuldip akasimama mbele ya bosi wake.

"Jina langu liache, boss. Mimi niliharibu mmoja. Mbao yake haikukosea hata mara moja. Fundi wa bunduki hii ni huyu."

Bwana Pettifer akaitikia kwa kichwa.

"Jina lako?" mchoraji aliuliza.

Muhiddin alifungua kinywa. Alichokililia usiku na mchana kilikuwa mbele yake, na ulimi ulikataa kunyanyuka.

"Ana haya huyu," Kuldip alicheka. Akaishika bunduki kwa mikono miwili isitikisike. "Andika Muhiddin, bwana. Tena andika kubwa."