Wembe wa Bwana Harusi

Itangazwe rasmi kando ya mifereji yote ya Mto Nili: Fundi Metwalli, kinyozi wa Kafr al-Sunt, hajawahi kumwaga tone la damu katika miaka thelathini na mmoja ya kazi. Masikio hayahesabiwi. Wala videvu.

Asubuhi ya harusi ya Hilal alikuwa akinoa wembe wa marehemu baba yake, vijana saba wakisubiri. Desturi ni hiyo: bwana harusi hunyolewa kwanza, rafiki zake hufuata kwa wembe uleule, bila kuuosha, bahati isimwagike.

Ndipo akaingia nesi Nagat, aliyekuwa akipima damu kijijini juma zima. Akaeleza taratibu kwamba kati ya kila kumi aliowapima hapo, wawili walikuwa na homa ya ini. Kwamba wengi hawakuhisi chochote. Kwamba virusi hupita kwenye damu, hata ile isiyoonekana kwenye makali.

"Unaniita muuaji mbele ya wateja wangu, binti?"

"Sijasema hivyo, baba. Nasema upimwe."

Fundi akaendelea kunoa. Damu yake ikionekana mbaya, nani atamkabidhi shingo tena?

Hilal, aliyekuwa tayari kitini, akafuta povu la sabuni mdomoni. "Mimi ninavyo virusi hivyo. Nilipimwa mjini mwezi uliopita, ndiyo maana nilitaka kunyolewa wa mwisho, mkanivuta. Ni vidonge vya miezi mitatu, bure. Bibi harusi anajua. Kasema ini litapona, kukoroma kwangu ndiko kusiko na dawa."

Wakacheka wote isipokuwa Fundi. Aliukunja wembe, akamwinua Hilal, akaketi kwenye kiti cha wateja kwa mara ya kwanza maishani, akatoa kidole. Nagat akamchoma. Wakangoja muda wa chai kupoa. Kipimo kikaonyesha mistari miwili: anavyo.

"Basi, bwana harusi, tutameza pamoja," akasema Fundi. "Anayetaka kuondoka, mlango ule pale."

Akatoka mmoja tu, akarudi na nyembe mpya za dukani, kila shingo na wake.

Hapo msimulizi amebanwa. Aliyetoka ni mimi, na sikutoka kwa ushujaa. Nilikuwa naikimbia sindano ya Nagat. Na nina kovu chini ya sikio, la harusi ya kaka yangu, kazi ya Fundi asiyemwaga damu.

Sasa nimeketi nikingoja kipimo changu, kidole kinadunda. Wembe wa marehemu unaning'inia kwenye msumari. Chai yangu bado inafuka moshi.