Vidudu vya Bwana Mungu Kwenye Chumba cha Kusini

Wewe umeshawahi kufagia dirisha asubuhi, ukalifagia tena mchana, na kabla ya chakula cha jioni ukalikuta limejaa vile vile? Basi mdogo wangu Lutgarde alifanya kazi hiyo kila vuli tangu mumewe Lievin afariki na kumwachia miti ya peasi, nyumba ya matofali nje kidogo ya mji wa Borgloon, na mama mkwe.

Huyo mama mkwe, Zulma, alikuwa amepita miaka tisini. Akili nzima, masikio mazima, miguu ndiyo haikumbeba tena. Lutgarde alimwogesha, alimfunga bendeji za miguu, alimkatia nyama vipande vidogo, na usiku aliitwa mara ngapi sijui, kwa sababu hata yeye aliacha kuhesabu. Juu ya hayo yote, ndipo vinapokuja vidudu.

Unavijua, vile vyekundu vyenye madoa meusi, mgongo wa duara kama nusu ya punje ya njegere. Peasi zikishachumwa na jua la Oktoba likipiga ukuta wa kusini, vinatua ukutani kwa maelfu. Kisha vinajipenyeza kwenye fremu za madirisha ya ghorofani, vinapandana pembeni mwa dari na kwenye mikunjo ya pazia, kama dengu zilizomwagika zikagandamana, na hapo vinalala mpaka majira ya kuchipua. Kwetu tunaviita vidudu vya Bwana Mungu. Haviuliwi. Zulma alikuwa mkali kwa jambo hilo kuliko padri.

Siku moja nilimwambia, "Mama, hivi si vile vya utotoni mwako. Vile vilikuwa na madoa saba. Hivi vililetwa kutoka Asia kuja kula vidukari vya mitini."

"Kwani Asia Mungu wao ni mwingine?" akasema, akaendelea na supu yake.

Basi Lutgarde alivikusanya kwa unyoya wa bata bukini, polepole, akiviangushia kwenye kopo la biskuti. Ukivibonyeza vinatoa maji ya manjano yenye harufu ya karanga zilizooza, na doa lake kwenye pazia halitoki hata kwa sabuni ya kipande. Kopo likijaa alilipeleka kwenye banda la kuni. Jua likitoka, vinarudi dirishani. Vidole vyake vilikuwa vya manjano hadi Krismasi.

Alichokitaka nilikijua, maana aliniambia tukimenya viazi. Zulma alikuwa na mwana mwingine, Herwig, anakaa mji wa Hasselt kwenye nyumba yenye lifti na chumba kisicho na mtu. Lutgarde alitaka amchukue mama yake wakati wa baridi tu, kuanzia Sikukuu ya Watakatifu Wote, mwanzoni mwa Novemba, hadi Pasaka, ili naye alale usingizi wa mtu mzima.

"Si umwambie," nilisema.

"Nitamwambia wapi, dada? Mama anasikia hata paka akijilamba. Atajiona mzigo unaopimwa mizani."

Kila mwaka Herwig alikuja siku hiyo ya Watakatifu Wote kuweka maua kaburini kwa Lievin na kwa baba yao. Kila mwaka Lutgarde alifungua mdomo, kisha akamkatia kipande cha pili cha keki ya wali.

Mwaka ninaousimulia kulikuwa na ukungu mzito. Tulirudi kutoka makaburini na viatu vya matope, tukala sungura aliyepikwa kwa plamu kavu. Herwig aliramba mfupa.

"Shemeji, wewe ni chuma," akasema. "Sisi mjini tungeshakufa."

"Mtazame macho kwanza," nikamwambia, "ndio useme chuma."

Akacheka, akafungua kifungo cha suruali, akasema anapanda juu kujinyoosha kidogo kwenye chumba cha kusini.

"Chukua blanketi," Lutgarde akamwambia. "Hita usiwashe. Vimelala."

"Nani amelala?"

"Vidudu. Vikipata joto vinadhani baridi imekwisha."

"Mimi si mtawa wa kulala kwenye barafu," akajibu akiwa ngazini.

Tulikuwa tunakausha sahani tuliposikia kitanda kikilia, halafu miguu, halafu sauti yake, "Vinaninyeshea huku." Lutgarde alishusha pumzi, akachukua unyoya na kopo, akaanza kupanda, mkono mmoja kwenye reli ya ngazi kama mzee. Hajafika katikati, mashine ya kufyonza vumbi ikaanza kunguruma. Herwig alikuwa ameitoa kabatini.

Mashine ile ilifyonza vidudu mbele na kutoa harufu nyuma. Harufu ilishuka ngazi, ikaingia jikoni, ikakaa juu ya keki. Zulma aliinua pua.

"Nani anaviua?"

Lutgarde akageuka ngazini, akarudi jikoni na kopo lake.

"Siku ya Watakatifu," Zulma akasema. "Nyumbani kwangu."

Herwig akashuka. Ameshavaa koti, funguo za gari mkononi, kidudu kimoja kinatembea kwenye kola yake na yeye hana habari.

"Mashine nimeizima," akasema. "Mfuko umejaa, na pazia limechafuka kidogo. Utasafisha kesho, shemeji, taratibu tu, huna haraka. Mimi niwahi, ukungu huu."

"Keki hujala," Zulma akamwambia.

"Nifungieni nibebe."

Mimi nikamtazama mdogo wangu. Nilijua atafungua droo, atoe karatasi, afunge ile keki. Mkono wake ulifika kwenye droo kweli. Ukasimama hapo. Kisha akavuta kiti akakaa, na ndipo nilipogundua kwamba hata wakati wa chakula alikula amesimama. Kopo likiwa mapajani, akaushika mkono wa Zulma kwa vile vidole vya manjano.

"Mama, wewe si mzigo," akasema. "Lakini mimi nimechoka."

Zulma hakuuondoa mkono. Alitazama kitambaa cha meza.

"Umechoka, pumzika basi," Herwig akasema. "Jumapili moja moja. Tutaongea kwa simu."

"Usitoke, Herwig."

"Shemeji, ukungu…"

"Nataka umchukue mama," Lutgarde akasema. "Si kwa simu, si Jumapili. Leo, kwenye gari lako, na umrudishe Pasaka. Nataka kulala."