Bastola Iliyopiga Kushoto

Chef Harelimana, mkuu wa walinzi wetu, alinisukumia tupa mkononi. "Balagizi, kata kale kanundu ka mbele tumalize. Ama uniandikie kama huyu mwanamke hana mukono wa bunduki."

Mimi ni fundi wa silaha wa kampuni moja ya ulinzi hapa Himbi, mtaa wa Goma, na sipendi kuharakishwa na mtu asiyejua hata bisibisi inashikwaje. Chuma ukishakikata hakioti tena. Bastola zetu ni ndogo, za risasi tano, na kulenga kwake ni kazi ya vitu viwili: kinundu kwenye mdomo wa mtutu na mfereji mwembamba upande wa nyuma. Weka kinundu katikati ya mfereji, fyatua. Ila ya Donatille ilipiga kushoto, kiganja kizima, kila mara.

Donatille ndiye mwanamke wa kwanza kupewa silaha kwetu. Alikuwa ameanguka mtihani wa shabaha mara mbili, na wa tatu ulikuwa Ijumaa. Akianguka tena, kazi imekwisha. Siku hiyo ilikuwa Jumatano.

"Chef, niachie hizi siku mbili," nilisema.

Nikaisafisha. Nikanyoosha uzi juu ya mtutu: kinundu hakikuwa kimepinda. Nikapapasa mdomo wa mtutu kwa ukucha, hakuna pengo. Nikabadilisha risasi. Kisha mimi na Donatille tukaenda nje ya mji, kwenye shimo la zamani la kokoto za lava, nikaegemeza mikono juu ya mfuko wa mchanga na kufyatua mwenyewe. Zote tano katikati ya kartoni ya shabaha.

Nilifurahi, halafu nikaudhika. Kama bastola ni nzima, hizo risasi zinafuata nini kushoto? Udadisi ukinishika hata fufu haipiti kooni.

Nikashuku macho. Nilimwambia Donatille aunganishe viganja, aache tundu dogo, autazame msalaba wa kanisa kwa mbali. Akafumba jicho la kushoto, msalaba ukabaki. Jicho la kulia ndilo linaloongoza, na mkono wake ni wa kulia. Hapo pia hapakuwa na kosa.

"Papa Balagizi, pengine chef anasema kweli," alisema kwa sauti ya chini.

"Chef anasema mengi. Lenga."

Nilihakikisha mara mbili kwamba bastola ni tupu, nikaweka kizibo cha chupa ya bia juu ya mtutu. Mtu akifyatua vizuri, kizibo hakitikisiki. Donatille alifyatua, kikaanguka kushoto. Tukarudia, kushoto. Mara ya tatu sikutazama kizibo, nilitazama kidole chake. Kilifika kwenye kifyatulio kwa ncha tu, karibu na ukucha. Hakuwa anavuta, alikuwa anasukuma pembeni. Changu mimi kilifika bila shida, kwa kuwa nina mikono mikubwa.

Kwa nini chake hakifiki? Mpini ni mnene. Kwa nini ni mnene? Hapo nikakumbuka.

Hapa Goma kila chenye mpini hufungwa raba ya tyubu: jembe, pikipiki, chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo. Wakati wa mvua Donatille alilalamika kwamba mpini unateleza, akaniletea ukanda wa raba. Niliufunga mwenyewe, matabaka matatu, nikivuta kwa meno, nikajisifu siku nzima. Mitihani yote miwili ilikuja baada ya hapo.

"Donatille, ni mimi," nilisema. "Miye njo nilikuangusha. Ni ile raba."

"Ilitoka ku chukudu ya papa," alisema. "Alipokufa tuliuzisha chukudu, nikabakia na ile tu."

Nilitoa kisu, nikakumbuka ni raba ya marehemu baba yake, nikakirudisha. Niliona aibu, tena aibu kubwa.

"Fungua, Papa Balagizi. Papa yangu haiko mu raba."

Sikuikata. Niliifungua pole pole, tabaka kwa tabaka, nikamrudishia nzima. Tukaweka kizibo, akafyatua. Kizibo kilitulia kama kuku anayeatamia.

Ijumaa alipiga tano, zote ndani. Chef alitazama kartoni, akatazama kinundu.

"Haukukikata?"

"Hakikuomba kukatwa."

Akanisogezea karatasi ya ripoti. "Andika kama Donatille alirekebisha mukono wake."

Ningeandika hivyo, yangeisha. Lakini kufeli mara mbili kungebaki kwenye dosie ya Donatille, faili lake la kazi, na siku ya kupunguza watu wangeanza naye. Niliogopa, nisidanganye. Nikaandika: mpini ulinenepeshwa na fundi Balagizi, mlinzi hakuwa na kosa. Nikaweka sahihi.

"Hii inaenda kwa patron wa kampuni," alinionya chef.

"Iende."

Donatille alifutiwa mitihani yote miwili. Mimi nilipewa miezi mitatu ya kufungua geti, bila tupa wala bisibisi.

Jumatatu asubuhi nilikuwa nimeshika komeo la chuma lenye baridi ya ziwa nilipomwona anakuja, bastola kiunoni. Hakusalimia. Alitoa ule ukanda mfukoni, akainama, akaanza kuuzungusha kwenye komeo langu.

"Hii chuma itakuchoma na baridi, Papa Balagizi."

"Ni ya papa yako hii!"

"Njo maana."

Alivuta kwa meno, kama nilivyofanya mimi, akafunga fundo.

"Tabaka ngapi?" nilimuuliza.

Aliukamata mkono wangu, akaupima juu ya komeo, kidole kwa kidole.

"Moja tu," alisema. "Moja inatosha."