Kipande cha Mfupa Ndani ya Mrija

Mikono yangu haitetemeki. Ndiyo sifa yangu kazini, na ndiyo iliyonipa meza hii ya kuandaa sampuli. Nimeshabandika ubawa wa mbu kwenye ncha ya sindano huku nikipiga soga. Lakini asubuhi ile kichupa kilipoletwa kutoka hospitali ndani ya boksi la barafu, nilishindwa hata kufungua kizibo.

Ndani yake kulikuwa na kipande cha mfupa, kidogo kuliko punje ya mchele. Kilitoka kwenye mkono wa binti wa dada yangu.

Mtoto huyo tunamwita Kasuku, kwa sababu tangu ajue kusema hajui kunyamaza. Amekuwa akivunjika vunjika tangu mwaka jana: mguu, kidole, sasa mkono. Safari hii madaktari walipompasua ili wauunge, walichukua kipande, wakasema kitapigwa picha kwa darubini ya eksirei, ile inayoona hadi vitundu vya ndani kabisa ya mfupa. Kama Kasuku alizaliwa na mifupa mibovu, vitundu vitaonekana vimejaa ovyo, na mtoto ataanzishiwa dawa. Kama mfupa ni mzima, basi kuna mtu anayemvunja, na watu wa ustawi wa jamii watamchukua.

Darubini hiyo iko kwenye maabara yetu tu. Nilimwambia mkuu wangu bila kuficha kwamba huyu ni damu yangu. Mkuu wangu tunamwita Mzee Taratibu, maana hata akiunguzwa na chai atasema taratibu. Alikuna kidevu.

"Wa kuandaa ni wewe tu, mwanangu. Andaa. Picha nitapiga mimi, na daktari wa mifupa ndiye atakayesoma. Mashine usiiguse."

Nilikuwa naogopa, na mimi nikiogopa huwa mkali. Siku chache kabla nilikuwa nimegombana na yule mama wa ustawi aliyetaka Kasuku abaki wodini mpaka majibu yatoke. Nilimwambia kwamba dada yangu hana ubavu wa kuua hata mende, na shemeji yangu ni mtu wa masihara tangu asubuhi mpaka usiku, sasa wa kumvunja mtoto ni nani, mimi? Nilifoka mpaka wauguzi wakachungulia. Mwishowe wakamruhusu mtoto arudi nyumbani na plasta yake. Nilijiona nimewaweza.

Mfupa mbichi una masharti yake. Ndani ya mashine sampuli inazungushwa pole pole, duara zima, huku ikipigwa picha kila upande, na ikisogea hata kidogo tu picha zote zinaharibika. Mfupa ukikauka unasinyaa, ukisinyaa unasogea. Ukiachwa ukauke zaidi, unapasuka wenyewe. Kwa hiyo tunauzungushia pamba yenye maji ya chumvi, tunauingiza kwenye kipande cha mrija wa kunywea soda, tunaziba juu na chini kwa nta, kisha tunausimamisha mrija kwa gundi juu ya kijiti cha chuma. Si kazi ngumu. Naifanya kila siku.

Nikakitoa kile kipande kichupani kwa kibano. Nilikuwa nawaza mkono wa Kasuku, jinsi alivyokuwa akininyooshea nimbebe, na mara nikajikuta nimekwisha kuziba bila kukumbuka nimezibaje. Nikampa Mzee Taratibu, nikaenda kukaa.

Alirudi nacho mkononi.

"Kimesogea. Hukuziba vizuri huku chini."

"Nimeziba."

"Mwanangu."

"Nimeziba, Mzee!"

"Taratibu. Kifungue, ukiloweshe, uanze upya. Mfupa ndio huu huu, hatuna mwingine."

Akaenda kuweka mashine sawa. Nikaupasua mrija, nikakilaza kile kipande juu ya kioo, chini ya taa ya meza. Taa ile ni ya moto. Ukingo mmoja wa mfupa ulishaanza kuwa mweupe, na mweupe ndio ukavu. Chupa ya maji ya chumvi ilikuwa karibu na kiwiko changu. Sikuichukua.

Nilimkumbuka shemeji. Alikuwa amenipigia jana yake, anacheka kama kawaida. "Shemeji, hakikisha unatoka mbovu, eh? Si nyie ndio wapishi wa picha?" Na mimi nilicheka. Sasa nilikuwa nauangalia ule ukingo, na nilijua kitu ambacho yeye hakukijua, kwamba kupika picha kunawezekana. Ningeuacha pale chini ya taa mpaka Mzee anywe chai yake, mfupa ungejaa nyufa. Ningeulowesha tena, nikauziba vizuri, ukatulia. Daktari angeona mfupa uliopasuka pasuka, angedhani ni ubovu wa kuzaliwa, angetikisa kichwa, angeandika dawa. Kasuku angebaki kwao. Hakuna ambaye angejua.

Weupe ulikuwa unatambaa. Nikajisemea, kwani ubaya uko wapi, dada yangu hana kosa na mtoto mwenyewe ana mifupa mibovu.

Hapo nikashtuka. Kama ni mibovu, darubini itasema hivyo yenyewe. Mimi nilikuwa nahangaikia nini? Mtu anayeamini haachi mfupa ukauke. Niliogopa jibu hilo, kwamba mwenyewe siamini, kuliko nilivyomwogopa yule mama wa ustawi na serikali yake yote.

Nikainyakua chupa. Nikadondosha tone, jingine, jingine, mpaka kipande kikafunikwa na maji na weupe ukaisha. Nikapitisha kioo cha kukuzia juu yake mara mbili. Hakukuwa na ufa. Nikafunga pamba, nikaziba juu, nikaziba chini, nikaugeuza mrija kichwa chini miguu juu nione kama kuna tone litakalopenya. Halikupenya. Mikono haikutetemeka.

Safari hii nilisimama nyuma ya kiti cha Mzee Taratibu. Picha ilikuja kidogo kidogo kwenye kompyuta, kwanza ukungu, kisha mstari, kisha mfupa wenyewe umejaa kioo kizima. Nimeona mifupa ya kutosha katika kazi hii. Vitundu vilikuwa vidogo, vimejipanga vizuri, kila kimoja mahali pake. Ukuta wake ulikuwa mnene. Ulikuwa mfupa mzuri.

"Mzee, huu ni mzima."

"Daktari ndiye atakayesema."

"Mzee."

Akavua miwani. "Mzima, mwanangu," akasema, akavuta simu ya mezani ili awaite hospitali.

Nikatoka nje ya chumba cha mashine, nikampigia dada.

"Niambie, mdogo wangu."

"Mfupa ni mzima."

Nikangoja. Nilingoja aniulize, sasa mwanangu anavunjwa na nini? Nilingoja alie, anitukane, aseme mashine yetu ni bati tupu. Mimi ningesema hivyo, tena kwa kelele. Nilisikia televisheni tu, na nyuma yake shemeji akisimulia jambo na kulicheka mwenyewe.

"Dada, umenisikia?"

"Nimekusikia," akanong'ona. "Punguza sauti. Yuko hapa."

Nikakaa sakafuni pale pale. Alikuwa anajua. Alijua wakati nikiwafokea watu wa hospitali, akasimama pembeni, akaangalia chini, mimi nikadhani ni aibu. Na mimi kwa mdomo wangu mwenyewe ndiye niliyemrudisha mtoto kwenye nyumba ile. Nilitaka kumuuliza tangu lini. Nilitaka kumpiga.

"Mvishe Kasuku viatu," nikamwambia. "Sema mnakwenda dukani. Usibebe kitu. Tokeni tu."

"Siwezi."

"Unaweza, dada. Mwite mtoto, mshike mkono, mtoke."

"Amempakata," dada akanong'ona. "Amempakata tangu simu yako ilipoita, na ananiangalia."

"Usikate simu," nikamwambia, nikakimbia kumwita Mzee aje na funguo za gari.