Kisanduku chenye Taa ya Bluu

Siku tuliyokwenda kumposea mwanetu Anucha, pikapu ya mume wangu iligoma katikati ya mlima wa Ban Phu Lom, ikaanza kurudi nyuma huku tumo ndani na nguo zetu za hariri, tumekumbatia masinia ya posa. Aliyetuokoa ni baba wa binti mwenyewe, Bwana Wichian. Aliteremka na trekta yake ya mkono, ile ambayo kwetu tunaiita nyati wa chuma, akatufunga mnyororo na kutuburuta hadi uani kwake mbele ya ukoo mzima. Alipokuwa akiufungua ule mnyororo akauliza, kwa sauti ya kusikika na kila mtu, "Kaka Thongbai, siku ya harusi nije na huu huu, au nitafute mrefu zaidi?"

Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Thongbai naye alicheka, ila mimi mkewe niliona masikio yamemwiva. Tulipokuwa tunakula hakugusa hata wali. Alikuwa akitazama chini ya nyumba yao iliyoinuliwa juu ya nguzo, ambako palikuwa na gari limefunikwa turubai. Wichian alisema ni pikapu yake mpya, ameifunika isiunguzwe na jua. Mimi nilijiuliza jua gani hilo linaloingia chini ya nyumba, lakini mgeni haulizi maswali ya namna hiyo kwa wakwe.

Tulipofika nyumbani mume wangu akatangaza kwamba siku ya harusi pikapu yetu ndiyo itakayotangulia msafara wa bwana harusi, imebeba spika na ngoma, na itaupanda mlima ule kwa nguvu zake yenyewe. Anucha akapendekeza tukodi gari. Baba yake akamkumbusha ni gari gani lililompeleka shule ya chekechea akilia njia nzima. Mtoto akanyamaza. Mimi sikunyamaza, lakini katika nyumba ile sauti yangu ilikuwa imeshageuka redio tu.

Dawa ya gari zee, kwa maoni ya wazee wa kibanda cha kahawa, ni kisanduku. Kinachomekwa kwenye injini, kinaidanganya, nayo inameza dizeli zaidi na kupata nguvu za ujana. Hapo wote walikubaliana. Kisanduku kipi, hapo ndipo vita vilipozuka, na kwa muda mrefu hakuna aliyezungumzia tena siasa wala bei ya ukwaju.

Kundi la kwanza lilikuwa upande wa Kop, fundi wa hapa hapa, mtoto wa dada yangu. Kop hachomeki kitu. Anakuja na kompyuta, anaiandika upya akili ya gari, kisha anafunga boneti na kuondoka. Kundi la pili lilitaka kisanduku kilichotumika, kilichotolewa kwenye pikapu ya mashindano iliyopinduka. Nikawauliza kama hawaoni neno "iliyopinduka" limekaa vibaya. Kundi la tatu, ambalo mwanachama wake mkuu alikuwa mume wangu, lilimpenda mwanamke mmoja anayeuza vitu kwa video za moja kwa moja kwenye simu huku akipiga kelele na kucheza. Kisanduku chake kilikuwa na kitasa cha kuzungusha, namba moja hadi tano, na taa ya bluu. Nadhani ni ile taa iliyompata.

Kop aliitwa, akalizunguka gari, akaliendesha hadi barabara kuu na kurudi. Akasema, "Baba mkubwa, kazi nitafanya, lakini tubadilishe klachi kwanza. Hii imechoka. Ukiongeza nguvu, nguvu itafika hapo na kuishia hapo."

Thongbai alimshukuru vizuri sana. Mgongo wa Kop ulipogeuka tu, akaniambia kwamba vijana wa siku hizi ukiwaomba kifungo wanakuuzia shati zima.

Mimi nilikuwa na neno moja. Kila gari kwetu lina mwenyewe, Mae Ya Nang, bibi anayekaa ndani yake na kutulinda njiani. Nilisema hatuwezi kumtia mtu moto chini ya kitanda chake bila kumuuliza. Basi na achague yeye. Mume wangu akakubali haraka mno, jambo ambalo lilipaswa kunishtua.

Asubuhi yenye baraka nikafunga shada jipya kwenye usukani, nikaweka soda nyekundu na ndizi juu ya boneti. Nikachomeka vijiti vitatu vya udi kwenye vikopo vitatu vya mchanga, kimoja kwa kila kundi. Kitakachowahi kuisha, hicho ndicho bibi alichokichagua. Vikaanza sawa. Mara Thongbai akavua kofia yake, akasimama karibu na kijiti cha kundi la tatu, akaanza kujipepea. Kila akijipepea, kile kijiti kinawaka nyekundu na kujila chenyewe.

"Baba, hiyo kofia," nikamwambia.

"Joto, Mama."

Ulikuwa msimu wa baridi. Mimi mwenyewe nilikuwa nimevaa sweta mbili, na pumzi za mume wangu zilikuwa zinatoka na mvuke.

Kisanduku chenye taa ya bluu kikaja. Thongbai akakichomeka, akaweka namba mbili, akaenda nacho mjini Lom Sak kwenye barabara iliyonyooka kama rula. Alirudi amechangamka, anatembea kifua mbele. Alikuwa amelipita basi. Alitusimulia habari za basi hilo wakati wa chakula, na baada ya chakula, na jirani alipokuja kuomba pilipili akasimuliwa naye. Nitasema kweli, nilifurahi. Tangu siku ya mnyororo sikuwa nimeyaona meno yake.

Siku ya harusi ikafika. Saa tatu na dakika tisa ndiyo saa njema aliyotupa mtawa, na kabla ya hapo Anucha alitakiwa awe amefika kwenye lango la kina bibi harusi. Pale ndugu zake binti husimama wamenyoosha mkanda wa fedha kuziba njia mpaka walipwe bahasha. Tulijipanga chini ya mlima. Mbele pikapu, imebeba spika ndefu kuliko mtu, jenereta, wapiga ngoma na shangazi wawili wasioweza kutembea. Nyuma yake bwana harusi, wabeba migomba na miwa ya baraka, na wengine wote wakicheza. Mimi nilipanda mbele kwa mume wangu, maana nilitaka kumwona akishinda.

Na mwanzoni alishinda. Lakini msafara wa kucheza huenda mwendo wa kobe, na mlima ule haupendi mwendo wa kobe. Injini ikaanza kukohoa. Thongbai akapeleka kitasa namba tatu. Moshi mweusi ukatoka nyuma, nikasikia nyimbo zinageuka kikohozi. Nikamwambia apunguze. Juu, Wichian alikuwa amesimama langoni anatutazama, mikono kiunoni. Mume wangu akamwona naye. Akazungusha hadi tano.

Injini ilinguruma kama inataka kuruka. Magurudumu yakasimama. Harufu ya kitu kinachoungua ikajaa, kisha pole pole, breki zimelemewa na mzigo na spika zikipiga muziki wa furaha, tukaanza kurudi nyuma tena. Anucha, mwanangu mwenye akili, akamnyang'anya mtu mgomba wa baraka akausukuma chini ya gurudumu. Gari likatulia. Nikageuka kutazama wageni. Waliovaa waridi, waliovaa dhahabu, wote walikuwa rangi moja, na meno tu yanaonekana.

Thongbai aliweka mikono juu ya usukani, kwenye shada langu, akainamisha kichwa. Sikumtania. Niliumia kumwona hivyo kuliko ninavyoweza kueleza.

Ndipo tukasikia nyati wa chuma akiteremka. Wichian alikuwa amekaa juu yake, na mnyororo ulikuwa tayari mapajani, yaani alikuwa ameuandaa tangu asubuhi. Akasimama ubavuni mwetu akiwa na tabasamu pana, akafungua kinywa. Kisha akavuta hewa puani. Akanusa tena. Akaingiza kichwa dirishani, akaiona ile taa ya bluu. Tabasamu likamtoka.

"Namba ngapi?" aliuliza kwa sauti ya chini.

"Tano," alisema mume wangu bila kuinua uso.

Wichian alitazama juu mlimani, upande wa nyumba yake na lile turubai. "Mimi sikufika hata huko," akasema. "Niliishia nne."

Halafu Wichian akautupa mnyororo kwenye majani, akasimama juu ya trekta yake na kuwapigia kelele watu wa juu: "Leteni mkanda huku! Mae Ya Nang wa kaka yangu amesimama, anataka lango limfuate yeye. Upesi, saa inapita!"

Wakateremka mbio. Mkanda wa fedha ukanyooshwa mbele ya bampa letu, bahasha zikatoka, na saa njema ilipofika Anucha akavuka akiwa mweusi kama sufuria, akiongozwa na baba zake wawili, mmoja huku, mmoja huku. Thongbai alitembea wima mlima wote.

Baada ya kula nikawatafuta, nikawakuta chini ya nyumba. Turubai limefunuliwa nusu, miguu minne yenye suruali za hariri imechomoza kutoka chini ya gari jipya, na sauti ya mume wangu ikieleza kwa uhakika mkubwa kwamba klachi ndiyo hubadilishwa kwanza, kila fundi anajua hilo.

Mama wa binti alikuwa amesimama karibu nami na sinia la wali wa nazi.

"Ananiambia amelifunika kwa ajili ya jua," alisema. "Hapa chini mimi naanikia uyoga, maana jua halifiki."

Nikamwomba maua mawili ya shada lake. Nikateremka hadi kwenye pikapu yetu, nikayafunga kwenye usukani, nikamwomba bibi msamaha kwa ajili ya ile kofia.